Ulimi na Ridi: Namna ya Kujifunza Kutamka Noti kwenye Saksafoni

Vijana wengi wa Mwanza huifikia saksafoni wakitokea mahali pengine. Wapo wanaotokea kwenye matarumbeta, yaani yale makundi yanayokodiwa kusindikiza maharusi kutoka kanisani hadi ukumbini, na wapo wanaotokea kwenye kwaya, ambako wamesoma do-re-mi ubaoni tangu utotoni. Wote wanajua kuhesabu mapigo na wengi wana masikio mazuri, lakini wakishaishika saksafoni hukutana na tatizo lile lile: ama noti zinatoka zimegandana kama uji uliopoa, ama kila noti inatoka na kishindo chake kana kwamba mtu anagonga bati. Vidole mara nyingi havina kosa. Kosa liko kwenye ulimi, nao ni kiungo ambacho mwalimu hawezi kukiona kikifanya kazi, kwa hiyo mwanafunzi asipoelezwa kwa maneno kinachotakiwa kutokea ndani ya kinywa chake anaweza kukaa na kosa hilo miaka mingi akidhani kwamba chombo chake ndicho kibovu.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja, yaani namna ulimi unavyozianzisha noti, unavyozitenganisha na unavyozikata. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuunganisha saksafoni yake na anaweza kutoa angalau noti tano za katikati bila ridi kupiga yowe.

Kinachotokea kinywani

Sauti ya saksafoni huzaliwa kwenye ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa chini ya kipulizio. Pumzi ikipita kati ya ridi na kipulizio, ncha ya ridi hutikisika, ikiifunga na kuifungua njia ya hewa mara nyingi sana kwa sekunde. Ukisikia noti ya hezi 440, ile A ambayo bendi nyingi hulinganishia vyombo vyao, ujue ridi imefunga na kufungua mara 440 ndani ya sekunde moja. Ulimi ukiigusa ncha hiyo, mtikisiko unakoma. Ulimi ukiondoka huku pumzi ingali ikisukuma, mtikisiko unaanza tena. Ulimi hauna uwezo wa kutoa sauti; unachoweza ni kuizuia na kuiachilia, na ndiyo sababu silipendi sana neno "kupiga ulimi", ingawa ndilo linalotumika na mimi mwenyewe nimelizoea, kwani linamfanya mwanafunzi aishambulie ridi.

Mtazame fundi cherehani wa barazani pale Makoroboi. Miguu yake inakanyaga bila kusita, gurudumu linazunguka, kitambaa kinasonga, na sindano inashuka na kupanda kwa wepesi. Miguu hiyo ndiyo pumzi yako na sindano ndiyo ulimi wako. Fundi akisimamisha miguu kila baada ya tundu moja la sindano, shati halitaisha hata sikukuu ipite, na mpulizaji anayekata pumzi kila baada ya noti hana tofauti na fundi huyo.

Aliyetoka kwenye tarumbeta ana jambo la kusahau. Kwenye tarumbeta kinachotikisika ni midomo yenyewe, kwa hiyo ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu na kurudi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeisajili saksafoni mjini Paris mwaka 1846, alitengeneza chombo chenye mwili wa shaba kama tarumbeta, lakini akakipa ridi kama klarineti, na ridi hiyo ndiyo inayokiweka katika ukoo wa filimbi na klarineti licha ya kung'aa kwake. Kwenye saksafoni ulimi unaigusa ridi. Nimekutana na wapulizaji hodari wa harusini waliokaa mwaka mzima wakigusa ufizi wa juu, wakapata sauti inayoanza kwa ukungu, na wasijue kwa nini.

Pumzi kabla ya ulimi

Tumia ridi laini kiasi, namba 2 au 2½, kwa sababu ridi ngumu humlazimisha mwanafunzi kuuma na kuukaza ulimi hata kabla hajaanza. Iloweshe kinywani au kwenye maji safi kwa dakika moja mbili. Sukutua kinywa kwanza, hasa kama umekunywa soda au chai yenye sukari, maana utando wa sukari hunata kwenye ridi na ulimi hautateleza. Meno ya juu yakae juu ya kipulizio, mdomo wa chini ukunjwe kidogo juu ya meno ya chini, na pembe za mdomo zikaze kama za mtu anayefunga mfuko kwa kamba.

Anza na kipulizio peke yake, bila mwili wa saksafoni. Kipulizio cha alto, yaani saksafoni ndogo kiasi, kikipulizwa vizuri hutoa noti iliyo karibu na A ya hezi 880, na programu ya kupimia sauti kwenye simu itakuonyesha hivyo. Kile cha teno, iliyo kubwa kuliko alto, hutoa noti ya chini zaidi, karibu na G. Ukiwa juu sana ya hapo, unauma, legeza taya. Shikilia noti hiyo kwa sekunde kumi bila kuyumba. Asiyeweza kushikilia noti ndefu iliyonyooka asifike kwenye zoezi linalofuata, kwa kuwa atakuwa anajifunza kukata kitu ambacho bado hajakitengeneza, na hapa ndipo wanafunzi wengi wenye haraka wanapoharibikiwa.

Halafu unganisha chombo chote, urekebishe mkanda wa shingoni mpaka kipulizio kikufikie kinywani bila wewe kukiinamia, na upulize G, ile inayoshikwa kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Noti hii haina usumbufu: haihitaji kibonyezo cha kupandisha sauti, wala haiko chini kiasi cha kuleta ukaidi.

Mguso wa kwanza

Bila kupuliza, weka kipulizio kinywani na uitafute ncha ya ridi kwa ncha ya ulimi. Iguseguse taratibu. Utahisi ukingo mwembamba mno, maana ncha ya ridi ina unene unaokaribia milimita 0.1, sawa na karatasi ya daftari. Hapo ndipo pa kugusia: sehemu ya ulimi iliyo nyuma kidogo tu ya ncha yake, upande wa juu, ikutane na ncha ya ridi. Watu wenye ulimi mrefu hupata shida kufika hapo bila kuukunja. Baadhi yao huiacha ncha ya ulimi ipumzike nyuma ya meno ya chini na kuigusa ridi kwa sehemu ya mbele zaidi ya katikati ya ulimi. Njia hiyo inafanya kazi na wako wapulizaji wazuri wanaoitumia, lakini ijaribu pale tu ya kwanza inapokushinda kabisa.

Sasa uache ulimi ukiwa umeigusa ridi, uvute pumzi kupitia pembe za mdomo, na uanze kusukuma hewa kutoka tumboni kana kwamba unapuliza, huku ulimi ukiwa bado pale pale. Hakuna sauti. Unahisi shinikizo limejaa kinywani kama maji nyuma ya bomba lililofungwa. Kaa hivyo kwa hesabu ya mbili, kisha ondoa ulimi kwa milimita moja au mbili tu, usizidishe. Noti itatoka safi, haina kishindo wala ukungu. Rudia mara ishirini. Ikitoka na kishindo, ulimi umeibana ridi kwa nguvu mno. Ikitoka kwa kuchelewa na kwa upepo upepo, pumzi haikuwa imejaa wakati ulimi ulipoondoka.

Baada ya hapo geuza zoezi. Puliza G ndefu, na wakati inaendelea kulia, iguse ridi kwa haraka mara moja kila pigo, metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Usifikirie kwamba unapuliza noti nne. Fikiria noti moja ndefu ambayo ulimi unaitia alama kwa juu, kama mtu anayepitisha kisu kwenye unga wa chapati bila kuutenganisha. Ukiweza hivyo, gusa mara mbili kwa pigo, kisha mara nne.

Kuna kipimo rahisi cha kujua kama pumzi inaendelea kweli. Mwombe mwenzako abonyeze kidole kwenye tumbo lako, chini ya mbavu, wakati unapotamka noti. Akihisi tumbo linadunda kwa kila noti, unatamka kwa pumzi na ulimi unajifanya tu kushiriki. Tumbo linatakiwa kusukuma kwa nguvu moja, kimya kimya, kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho.

Silabi tulizonazo tayari

Walimu wa saksafoni duniani kote huufundisha ulimi kwa silabi, na katika jambo hili mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa na kikwazo kimoja.

Mtaji ni silabi zetu zenyewe, ambazo ni fupi, wazi na huishia kwa irabu. Sema "tu", kama katika "sisi tu". Ulimi umegusa, umeachia, na hewa imebaki inatoka kwenye irabu bila kuzuiwa. Hiyo ndiyo noti ya kawaida ya saksafoni. Kwa noti laini zinazofuatana kama maneno ya wimbo wa polepole, tumia "lu", ambayo mguso wake ni mwepesi zaidi. Sisi Wasukuma huchekwa kwa kuitamka r kama l. Kwenye saksafoni hiyo l inalipa. Irabu nazo zina kazi. Kwenye noti za juu fikiria "ti", ulimi uinuke kidogo na njia ya hewa iwe nyembamba. Kwenye noti za chini fikiria "to", koo lifunguke na ulimi ulale.

Kuhusu "du" ninashauri tahadhari, na hapa natofautiana na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa wazungumzaji wa lugha nyingine, ambayo huipendekeza kwa noti laini. D yetu, ile ya "dada" na "dawa", hutamkwa kwa koromeo kushuka na hewa kuvutwa ndani kidogo kabla ya kuachiliwa. Msikilize bibi akisema "dawa" kwa mkazo na utaisikia hewa hiyo ikimezwa. Mwanafunzi anayetamka "du" kwa namna hiyo ndani ya kipulizio anaikata pumzi yake kila noti pasipo kujua. Anayetaka kuitumia aijifunze mbele ya kiganja: sema "du" huku kiganja kikiwa karibu na mdomo, na uhakikishe unahisi hewa ikitoka nje.

Kikwazo ni mwisho wa noti. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na noti fupi ya stakato inahitaji hivyo hasa: ulimi uachie, kisha urudi kwenye ridi kuikata sauti, kama mtu anayesema "tut" na kubaki na ulimi umefunga. Wanafunzi wetu huachia vizuri, lakini hawarudi. Badala yake huikata noti kwa koo, ikasikika kama kwikwi. Neno la kujifunzia ni "fitna". Liseme polepole, na usimame katikati, baada ya "fit", kabla hujaifikia "na". Ulimi umeziba, pumzi bado inasukuma nyuma yake, sauti imekoma ghafla. Mahali hapo uliposimama ndipo stakato inapoishia. "Hatma" nayo inafaa. Kijana mmoja niliyemfundisha alikaa siku mbili akitembea na neno "fitna" mdomoni, hadi mama yake akamuuliza ni nani aliyemkosea.

Silabi hizi zinaweza kufanyiwa mazoezi bila chombo, ukiwa kwenye daladala ya Buhongwa au kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Kwa anayeishi katika nyumba za kupanga jambo hili ni muhimu, kwa sababu saksafoni hainyamazishwi kwa kuziba mdomo wake kwa kitambaa. Sauti yake hutoka pia kwenye matundu yote yaliyo wazi mwilini, na majirani wataisikia tu.

Makosa na namna ya kuyanasa

Kosa la kwanza ni kutafuna, yaani taya na kidevu kucheza kila noti. Simama mbele ya kioo. Kidevu kikicheza, sauti inashuka na kupanda kidogo kila noti, na hakuna kasi utakayoipata kwa sababu taya ni zito kuliko ulimi. Punguza mwendo mpaka kidevu kitulie, hata kama ni noti moja kwa pigo.

Kosa la pili ni ulimi kurudi nyuma mno baada ya kila mguso. Hapo mpulizaji husikika vizuri kwenye mwendo wa polepole, kisha huanguka ghafla mwendo ukiongezeka. Dawa yake ni kupuliza kwa sauti ndogo sana, kwa maana ukipuliza kidogo ulimi hauthubutu kwenda mbali.

Kosa la tatu linahusu vidole. Ulimi ukiondoka kabla kidole hakijafika, kunasikika noti ya kati isiyoalikwa. Puliza ngazi nzima ya G kwa kuunganisha, bila ulimi kabisa, mpaka vidole vyote vishuke kwa pamoja, na baada ya hapo tu ndipo uurudishe ulimi. Nikiona mwanafunzi anahangaika na kipande chochote kigumu, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia afanye, na mara nyingi inagundulika kwamba ulimi ulikuwa unasingiziwa.

Noti za chini kabisa, kuanzia C kushuka hadi B bapa, ni ukaidi wa aina yake. Mguso mzito huko chini huifanya sauti iruke juu kwa oktavu au igugumie. Legeza taya, fikiria "to", tamka kwa mguso mwepesi kuliko unavyodhani unafaa, na usukume hewa nyingi ya uvuguvugu, kama unayopulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta.

Ili kunasa makosa haya, Mwanza ina kifaa ambacho miji mingi haina, nacho ni mawe. Simama hatua mbili tatu mbele ya mwamba mkubwa wa uso wa wima, ambao kwa sisi tunaoishi vilimani hauko mbali na mlango wa jikoni, na upulize ukiuelekea. Saksafoni hurusha sauti yake mbele na pembeni, kwa hiyo mpulizaji mwenyewe huusikia vibaya mwanzo wa noti zake. Mwamba utakurudishia ulivyo. Ufukweni kwenyewe hapafai sana, kwani upepo wa ziwa wa mchana huingia kwenye kipulizio na kwenye masikio, na mawimbi hufunika yale yale unayotaka kuyasikia. Asiye na mwamba ajirekodi kwa simu iliyowekwa mita tatu mbele yake.

Kuongeza kasi

Kwa mapigo 60 kwa dakika na noti nne kila pigo, unatamka noti nne kwa sekunde. Kwa mapigo 120, noti nane kwa sekunde. Mpulizaji anayefika hapo kwa ulimi mmoja, yaani kwa mguso wa ncha peke yake, kwa usafi na bila kuchoka, ana kasi inayotosha karibu kila muziki atakaokutana nao kanisani na kwenye dansi. Panda kwa mapigo manne tu kila unapoufanya mwendo uliopo mara tatu bila kosa, na ukikosea shuka manane.

Ulimi ni msuli na huchoka. Ukichoka hukakamaa, na ukikakamaa unajifunza ukakamavu. Dakika kumi za zoezi la kasi kwa siku zinatosha. Njia iliyonisaidia kuliko kupanda ngazi ya metronomu peke yake ni kupuliza mafungu mafupi: noti tano kwa kasi kubwa kuliko unayoimudu, nne kwenye pigo moja na ya tano kwenye pigo linalofuata, kisha pumzika kwa mapigo mawili kamili huku ulimi ukilegea. Mafungu ya tano yakitulia, ongeza yawe ya tisa.

Kutamka kulingana na muziki

Noti ikiwa na nukta juu au chini yake ni stakato, ikiwa na kistari kifupi ni tenuto, yaani ishikiliwe urefu wake wote, na upinde ukizifunika noti kadhaa maana yake ni kwamba ulimi uguse ya kwanza tu na nyingine zipite kwa vidole na pumzi.

Katika jazi na katika dansi mambo hayaandikwi yote. Wapulizaji wa jazi wanapopita kwenye noti nyingi za haraka mara nyingi hawatamki zile zinazoangukia pigo. Hutamka zile za katikati ya pigo na kuziunganisha na inayofuata, na hapo ndipo ule mwendo wa kuyumba unapopatikana. Jaribu kwa ngazi ya G: tamka ya pili na uitelezeshe kwenye ya tatu, tamka ya nne na uitelezeshe kwenye ya tano. Mwanzoni ulimi utagoma, kwa kuwa umezoea kutua pamoja na mguu. Ipo pia noti ya kumezwa, ambapo ulimi unabaki ukiigusa ridi nusu nusu, sauti inasikika kwa mbali kama mtu anayeongea nyuma ya pazia, kisha ulimi unaondoka na noti inayofuata inang'aa.

Sikiliza kwa makusudi. Mchukue Verckys Kiamuangana Mateta au Isaac Musekiwa, waliopuliza saksafoni katika OK Jazz ya Kinshasa, au Manu Dibango wa Kamerun, na badala ya kufuata wimbo, hesabu ni noti zipi zimeguswa na ulimi na ni zipi zimeteleza. Katika safu ya wapulizaji kadhaa wa dansi jambo hili linakuwa la lazima, maana tarumbeta na saksafoni zikitamka tofauti, mmoja kwa "tu" na mwingine kwa "lu", watasikika kama wamekosana hata kama noti zao ni sahihi. Kaeni chini kabla ya onyesho na msome kipande kwa silabi, kwa sauti, bila vyombo.

Takataka, dukuduku na tikiti

Inafika kasi ambayo ulimi mmoja hauwezi tena. Hapo hutumika ulimi wa mara mbili: ncha inaigusa ridi kwa "t", kisha nyuma ya ulimi inagusa kaakaa kwa "k" na kuikata hewa bila kuifikia ridi, ili ncha ipate nafasi ya kupumzika. Rudy Wiedoeft, mpuliza saksafoni Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1893, alisifika kwa wepesi wa kutamka uliowashangaza wasikilizaji wa wakati wake. Vitabu vya lugha nyingine hubuni silabi za kufundishia jambo hili. Sisi tunazo. Sema "takataka", na tayari umefanya ulimi wa mara mbili. Ukitaka wepesi zaidi sema "dukuduku", mradi ukumbuke onyo kuhusu d. Kwa ulimi wa mara tatu, noti tatu kwa pigo, sema "tikiti, tikiti, tikiti".

Shida ni kwamba "k" hutoka dhaifu, kwa kuwa haiigusi ridi. Kwa wiki mbili za mwanzo tamka kwa "k" peke yake, "ku, ku, ku", kwenye G, mpaka anayesikiliza asiweze kuitofautisha sana na "tu". Kisha geuza na uanze na "k": "kata, kata, kata". Anayeanza na "takataka" moja kwa moja hupata noti moja yenye nguvu na moja kilema, na kilema hicho huzoeleka. Noti za katikati huitii njia hii mapema; za juu sana hukataa, kwa sababu "k" inausogeza ulimi kutoka mahali noti hizo zinapohitaji ukae.

Kukoroma na kudoa

Mtoto wa Igombe anapoigiza injini ya boti ya wavuvi kwa "rrr" ndefu, anafanya kile kinachohitajika kuifanya saksafoni ikorome. Iache ncha ya ulimi itikisike nyuma ya ufizi wa juu bila kuigusa ridi, na uongeze pumzi. Asiyeweza r hiyo anaweza kukoroma kwa nyuma ya koo, kama anayesukutua maji.

Kudoa, yaani kuinyonya ridi kwa ulimi na kuiachia ghafla ili ipige kishindo, ni jambo jingine, na lilivuma sana katika miaka ya 1920. Coleman Hawkins, mpulizaji wa jazi wa Marekani, alilitumia kwenye teno alipokuwa kijana, kisha akaliacha. Vua ridi na uiweke juu ya ulimi ulioloweka, uibane kwa kunyonya hadi ibaki imening'inia bila kushikwa, kisha uivute kwa mkono. Utasikia mlio kama wa kizibo. Sasa ifunge ridi kwenye kipulizio na ufanye vivyo hivyo: upana wa ulimi, wala si ncha, ulale kwenye ridi, uinyonye, na uachie ghafla kwa kushusha ulimi, ridi ikijirudisha kwa kishindo. Anza na noti za chini, na usifanye kwa ridi yako nzuri.

Ukitembea na matarumbeta

Limebaki jambo ambalo sijaliona limeandikwa mahali, nalo linawahusu wanaopuliza wakitembea. Kila hatua huutikisa mwili wa saksafoni, kipulizio kinacheza kinywani, na ulimi unaikosa ncha ya ridi. Fupisha mkanda wa shingoni kwa tundu moja kuliko unapokaa, bana chombo ubavuni kwa mkono wa kulia, na tembea kwa goti lililolegea. Siku moja nilipuliza nikisindikiza maharusi kupanda kilima chenye mwinuko mkali, nikakazana na stakato za haraka kama nilivyozoea ukumbini, na katikati ya njia pumzi ikaisha, ulimi ukabaki unagusa ridi iliyonyamaza huku bibi harusi akigeuka kunitazama. Tangu siku hiyo, kwenye mwinuko napuliza noti ndefu kwa "lu", moja kwa kila hatua mbili, na stakato nawaachia wenye ngoma mpaka tufike juu.